Betri Husingiziwa



Katika banda lililo nyuma ya nyumba yangu zimo betri tatu za pikipiki. Zote zimekufa. Nilizinunua katika muda wa miezi minane, na kila nilipoifunga moja niliamini kwamba taabu zangu zimekwisha. Leo nataka niwaelezeni jinsi nilivyoziua, maana nimezungumza na watu kadhaa wenye mashine za zamani na nimegundua kwamba katika mji huu siko peke yangu.

Mashine yenyewe ni Triumph ya mwaka 1968, ya silinda mbili, ukubwa wa 650, iliyotengenezwa Meriden huko Uingereza. Mjomba wangu aliinunua kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge, Tanga, aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Akaiendesha mpaka goti lilipokataa kupiga kiki. Alipofariki ikaja kwangu, pamoja na kitabu chake kilichojaa alama za vidole vyenye grisi. Wanawe hawakuitaka. Mmoja aliniambia, "Binamu, hiyo ni ya kupima kwa kilo." Sikumjibu, lakini neno lile lilinikaa moyoni. Nikaapa itang'aa kuliko ilivyong'aa siku mjomba alipoileta nyumbani. Nikaipeleka kwa wapiga rangi, ikafunguliwa yote, fremu ikapuliziwa rangi nyeusi mara tatu, ikawa unaweza kujitazama humo ukanyoa ndevu. Ndugu msikilizaji, ikumbuke rangi hiyo. Nitairudia.

Wiki tatu baadaye honi ilianza kulia kama mbuzi mwenye mafua. Taa ya mbele ikawa ya manjano, kisha nyekundu kama kaa la moto. Asubuhi napiga kiki mpaka shati linalowa. Nikasema, betri. Mwenye duka naye akasema betri, na sijui ni muuza betri gani angesema vinginevyo. Nikanunua. Siku nne mashine ikaenda kama mpya, siku ya tano honi ikarudia mafua yake.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndipo wengi tunapokosea. Betri mpya hutoka dukani ikiwa imejazwa umeme, na umeme huo utaiendesha pikipiki siku kadhaa hata kama mashine haizalishi chochote. Mwenye pikipiki hufurahi, humlipa fundi, humsifu. Kumbe anakula akiba. Betri ikiisha tena hulaumu kiwanda kilichoitengeneza, huenda akanunua ya jina jingine.

Nilikwenda kwa fundi rewaya, kijana hodari kabisa wa pikipiki za siku hizi, ambaye jina lake halina haja hapa. Akaikuta betri imechoka, nikamletea ya pili. Akatazama nyaya, akacheka. "Mzee, hii imefungwa kinyume. Bodi ni hasi siku zote." Akageuza. Alipofungua ufunguo tukaona moshi ukipanda chini ya kiti, na harufu ya plastiki inayoungua ikatufikia kabla hatujapata la kusema.

Kijana yule hakuwa mjinga. Kila pikipiki aliyowahi kushika katika maisha yake, za Kijapani, za Kihindi, za Kichina, chuma cha fremu kimeunganishwa na upande wa hasi wa betri. Lakini Waingereza wa zama zile walifunga kinyume: upande wa chanya, ule wenye alama ya kujumlisha, ndio uliokwenda kwenye bodi. Na waya mwekundu, ambao kwa fundi wa leo ndio waya wenye umeme, katika mashine ya Kiingereza ndio waya wa bodi. Wenye umeme ni wa kahawia wenye mstari wa bluu. Ukigeuza betri ya mashine ya namna hiyo, umeme wote hupita moja kwa moja ndani ya rektifaya, kile kifaa chenye sahani ndogo ndogo kinachougeuza umeme wa kwenda na kurudi wa altaneta kuwa umeme wa njia moja unaoweza kuingia katika betri. Rektifaya huungua kwa nukta chache.

Ingeweza kuokolewa na fyuzi. Mashine ile ina fyuzi moja tu, karibu na betri, kwenye waya wa kahawia na bluu. Tulipoifungua tukakuta mtu fulani wa zamani ameizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Sina hakika kama ni marehemu mjomba. Tuliyaacha hayo. Lakini ninyi mnaonisikiliza, hata kama pikipiki yenu ni ya mwaka jana, nendeni leo mkaitazame fyuzi. Ikiwa mtu ameweka waya mtupu au karatasi mahali pake, basi mmekalia moto, na tangi la petroli liko mbele ya tumbo lenu.

Basi nikatafuta rektifaya nyingine, na betri ya tatu. Safari hii chanya kwenye bodi, kama kitabu cha mjomba kinavyosema. Ikawaka. Jumamosi nikaenda Chalinze kwa msiba, nikaanza kurudi jioni, jua likanichwea njiani. Nikawasha taa. Nilipokaribia Mlandizi taa ikaanza kufifia, injini ikakohoa, ikakohoa tena, halafu giza. Nyuma yangu palikuwa na lori. Taa yangu ya nyuma haikuwepo tena, na mimi nilikuwa mtu mweusi juu ya mashine nyeusi katika barabara nyeusi. Niliruka kando pamoja na pikipiki, tukaangukia mtaroni. Upepo wa lori ulipita ukaniondoa kofia niliyokuwa sijaifunga vizuri. Nilikaa mtaroni pale muda mrefu kidogo kabla ya kusimama.

Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga miezi minane kabla. Taa kubwa ya wati 50 katika mashine ya volti 12 hula ampea 4 na kidogo. Koili mbili za cheche, injini ikizunguka, hula kama ampea 3 kwa wastani. Ongeza taa ya nyuma. Jumla ni kama ampea 8. Betri ya pikipiki ile hubeba ampea 8 au 9 kwa saa moja. Kwa hiyo, kama altaneta haiingizi kitu, mwenye kusafiri usiku ana saa moja hivi, akiwa na betri mpya iliyojaa. Kutoka Chalinze mpaka Mlandizi usiku ni karibu saa hiyo hiyo. Betri yangu haikuwa na kosa lolote. Ilifanya kazi yote iliyoweza, peke yake, bila msaada.

Nilimpata mzee mmoja aliyewahi kufunga magari ya Kiingereza ujanani mwake. Hakuja na kompyuta wala mita. Alikuja na globu ya volti 12 iliyolehemewa nyaya mbili ndefu, akaitia mfukoni mwa koti kama mtu anayebeba miwani. Aliniuliza swali moja tu: "Ilianza lini?" Nikamwambia, baada ya rangi. Akaguna.

Akafungua kiti. Waya mmoja wa globu akaugusisha kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye boliti ya katikati ya rektifaya, ile inayoishikilia kwenye fremu. Globu haikuwaka. Akachukua ncha ya kisu, akakwaruza fremu sentimita mbili pembeni mwa boliti ile mpaka chuma cheupe kikaonekana, akagusisha waya pale. Globu ikawaka, nyeupe kabisa. Akanitazama.

Katika mashine hizi rektifaya haina waya mwingine wa kuipeleka kwenye bodi isipokuwa boliti ile, na ule mwekundu unaofungwa pamoja nayo. Mwekundu wangu ulikuwa umekatika zamani, chuma kwa chuma ndicho kilichokuwa kikibeba kazi. Mimi nikaja nikaweka rangi mara tatu katikati. Umeme wa altaneta ulifika mlangoni ukakuta mlango umefungwa kwa rangi nzuri nyeusi. Betri tatu, rektifaya moja, na nusura roho yangu, kwa sababu ya kung'arisha.

Tulikwaruza mahali pale, tukaweka waya mpya mwekundu kutoka boliti ya rektifaya mpaka chanya ya betri yenyewe, na mwingine mpaka kwenye kichwa cha injini. Hapa niwaonye jambo ambalo mzee alinikemea nalo: nati ya kufunga rektifaya kwenye fremu usiikaze kabla hujaishika kwa spana ile nati ya upande wa pili. Sahani zile zikizungushwa kidogo tu, viungo vya ndani hukatika, na kwa macho hutaona kitu.

Ningependa kusema hadithi iliishia hapo. Wiki mbili baadaye, nikiwa sasa na betri ya nne, globu ya nyuma ikaungua. Nikaweka nyingine, nayo ikaungua. Maji ya betri yakapungua upesi, na harufu ya asidi ikawa inanifuata. Nikaazima mita. Injini ikiwa imezimwa betri ilionyesha volti 12.7, na hivyo ndivyo betri nzima iliyojaa inavyopaswa kuonyesha ikiwa imetulia. Nikawasha, nikaongeza moto, mshale ukapanda mpaka 14, ukapita, ukafika 16 na bado unakwenda. Betri iliyokuwa ikifa kwa njaa sasa ilikuwa inakufa kwa kuvimbiwa.

Altaneta ya pikipiki hizi ina sumaku ya kudumu. Huwezi kuiambia ipunguze, inatoa kila ilicho nacho kadiri injini inavyozunguka. Kazi ya kumeza ziada hufanywa na kifaa kidogo kiitwacho zena, kilichofungwa kwenye kipande cha aluminiamu chenye mapezi, mbele, chini ya taa kubwa, mahali panapopata upepo. Volti zikipita 14 hivi zena hufungua mdomo, hunywa ziada na kuigeuza joto. Ndiyo maana ya mapezi yale. Nayo pia lazima ifike kwenye bodi, na mahali pake pia palikuwa pamepigwa rangi. Kwa muda wote betri ilipokuwa haipati chochote, ubovu huo wa pili ulijificha nyuma ya ule wa kwanza. Nikakwaruza, nikaongeza waya mwekundu, nikakaza taratibu kwa sababu shina la zena ni la shaba laini na hukatika kwa mkono mzito. Mita ikasimama kwenye 14 na nukta chache.

Waingereza wenyewe wana mzaha wa miaka mingi kuhusu Lucas, aliyetengeneza vifaa vya umeme vya mashine hizo: humwita mwana wa mfalme wa giza. Mimi zamani niliucheka mzaha huo. Sasa nauona una uonevu ndani yake. Vifaa vya mwaka 1968 bado vinafanya kazi humo. Vilivyoharibika viliharibiwa na karatasi ya sigara, na rangi yangu.

Basi, mwenye pikipiki ya zamani ambaye taa zake zinafifia, namwomba afanye hivi kabla ya kutoa fedha. Aitazame betri ikiwa imepumzika saa kadhaa. Volti 12.6 au 12.7 imejaa, 12.4 ina kama robo tatu; 12 kamili iko karibu na tupu. Kisha awashe taa kubwa bila injini na aitazame tena. Ikishuka kidogo na kusimama, betri ni nzima. Ikianguka kama embe lililoiva mpaka 10 au chini, basi hiyo ni mbovu kweli, na nitakuwa wa mwisho kumzuia asinunue. Halafu awashe injini, azime taa, aongeze moto, na atazame kama volti zinapanda. Zisipopanda, ugonjwa hauko kwenye betri. Mwenye mashine ya kabla ya mwaka 1966 akumbuke kwamba Triumph kubwa nyingi za wakati huo ni za volti 6, kwa hiyo agawanye hesabu zangu kwa mbili, na asikubali kuuziwa globu ya 12.

Kujua kama altaneta inazalisha ni rahisi. Zile nyaya zake zinazotoka kwenye injini zichomolewe, globu ya taa kubwa ifungwe kati ya nyaya mbili, injini iendeshwe kwa betri. Globu ikiwaka na kuzidi kung'aa moto unapoongezwa, altaneta haina neno, tafuta mbele yake. Katika mashine yangu ilikuwa inang'aa siku zote zile, hakuna aliyefikiria kuiuliza.

Kuna mahali pengine pawili ambapo mzee alinionyesha kwa kidole bila maelezo mengi. Pa kwanza ni shingoni, pale nyaya zinapopita kutoka kwenye fremu kwenda kwenye taa. Kila unapokata kona nyaya zile hukunjwa, na baada ya miaka shaba hukatika ndani wakati ngozi ya nje ni nzima. Taa ikizimika ukigeuza usukani kushoto na kuwaka ukigeuza kulia, usitafute kwingine. Pa pili ni chini ya madigadi ya nyuma, ambapo waya wa taa ya breki husuguliwa na tairi na matope mpaka unagusa chuma. Hapo kila ukikanyaga breki fyuzi inakatika, na kwa kuwa fyuzi ni moja, injini nayo inazimika. Kuzimikiwa na injini kila unapofunga breki katika foleni ya Magomeni si jambo la kumwombea hata adui.

Na ufunguo. Ukiuacha wazi mashine ikiwa imezimwa, na pointi zikawa zimesimama katika hali ya kufunga, koili moja hunywa karibu ampea 4. Saa mbili hivi betri imekwisha, na koili imepikwa. Watoto wanaopenda kuchezea ufunguo huo ni wengi.

Sasa kuhusu mahali pa kuchaji. Betri yangu ya tatu, ile ya Mlandizi, ingeweza kupona. Niliipeleka kwenye kibanda kimoja cha kuchaji, kijana akaipanga pamoja na betri za malori, akaziunga zote, akaenda kunywa chai. Betri ya pikipiki ya ampea 9 inataka kuingizwa kama ampea 0.9, polepole, usiku kucha. Yangu ilipewa ya lori. Niliikuta inatokota kama sufuria ya maharage, ubavu umefura. Kijana alikuwa na sigara mdomoni. Mvuke unaotoka kwenye betri inayochajiwa una haidrojeni, nayo hulipuka kwa cheche ndogo. Nilimwondoa sigara kwanza, ndipo nikaanza kugombana naye.

Jambo jingine la vibanda hivyo ni kuongeza asidi kila maji yanapopungua. Kinachopotea katika betri ni maji, asidi inabaki. Ukiongeza asidi juu ya asidi unakula sahani. Kinachotakiwa ni maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi, kufunika sahani na kupita juu kidogo tu. Ya bomba hayafai, na ya kisima hayafai zaidi. Na betri iliyokwisha isiachwe hivyo wiki nzima ikisubiri mshahara, kwa sababu sahani huota ukungu mweupe mgumu ambao baadaye hakuna chaja itakayouondoa. Ile ya kwanza kabisa ndivyo nilivyoimaliza: niliiweka kando "nitaichaji", nikaitazama baada ya mwezi.

Hizo tatu sijazitupa. Zina risasi na asidi ndani, na kule bondeni ambako watu hutupa takataka ndiko watoto wa mtaa wanakochezea. Nitazipeleka kwa wanunuzi wa vyuma, nikiwa na hakika kwanza kwamba hawatazipasua kwa shoka uani kwao.

Binamu yangu alikuja Jumapili iliyopita. Aliizunguka mashine mara mbili, akauliza kwa nini fremu nzuri namna ile imekwaruzwa sehemu mbili. Nikampa ufunguo. Alipiga kiki mara moja ikawaka, akakaa juu yake akiisikiliza, kisha akaniomba aende nayo mpaka Kibaha na kurudi. Nilimkubalia, ila arudi kabla ya giza, maana honi bado hailii vizuri. Nimeshaishuku boliti yake, nayo ilipigwa rangi.